Ukienda Guangzhou kikazi: pa kula halali bila kumaliza posho

Mwezi wa tatu ukianza kuishia, simu yangu huanza kulia. Mara ni kijana wa Bondeni mwenye duka la vipuri, mara ni mama wa Marikiti anayeuza mapazia, wote wanajiandaa kwenda Guangzhou, China, kwa maonyesho makubwa ya biashara ya Aprili. Huniuliza habari za viza, mzigo na bei ya kontena. Mwisho wa mazungumzo, sauti ikishuka kidogo, huja swali lenyewe: "Na kula je, ndugu yangu? Kule si nguruwe tupu?"

Swali hili nimelijibu mara nyingi barazani na kwenye simu, nikaona bora niliandike mara moja lisomwe na kila mwenye safari. Jibu langu fupi ni hili: Guangzhou kuna chakula cha Kichina kilicho halali, na bahati njema ni kuwa chakula hicho hicho ni miongoni mwa vya bei nafuu zaidi mjini. Tatizo letu ni kwamba hatujui kukitambua. Asiyejua kukitambua huishia kwenye moja ya mambo matatu: kukaa na njaa, kumaliza pesa, au kula asichokijua.

Mimi yalinipata yote matatu katika safari moja.

Siku tano za kwanza

Tajiri wangu alinituma kununua vipuri vya magari, akanipa posho ya yuan 100 kwa siku, chakula na usafiri humo humo. Yuan moja ni kama shilingi 18 za Kenya, kwa hivyo si pesa kidogo, lakini pia si pesa ya kuchezea. Siku mbili za mwanzo nilikula tende na biskuti nilizobeba kutoka Mombasa, nikinywa maji. Siku ya tatu kichwa kiliniuma hata nikashindwa kuhesabu katoni mbele ya muuzaji, na kosa la katoni moja ni pesa ya mtu.

Jioni ile nikaingia kwenye mkahawa mdogo karibu na nilikolala. Nikaonyesha kwa kidole picha ya mboga za majani, nikijiambia kuwa mboga ni mboga. Nikala nusu sahani kwa hamu. Ndipo nikaona chini ya majani punje punje za nyama ya kusaga. Nikaandika kwenye simu swali, nikamwonyesha mhudumu: je, hii ni nguruwe? Akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayenipa habari njema. Simlaumu. Kwake yeye, alikuwa ameinonesha mboga ya mgeni. Nililipa, nikatoka, na usiku ule usingizi haukuja.

Siku mbili zilizofuata nikakimbilia mikahawa ya Kiarabu na Kituruki katika mtaa wa Xiaobei. Chakula ni kizuri na moyo ulitulia, lakini sahani moja ilinigharimu yuan 60 hadi 80. Siku ya tano nikawa nakopa. Mzee mmoja wa Kisauni, mzoefu wa njia hizo, alinikopesha huku akinicheka, kisha akanishika mkono tukatembea mwendo wa dakika tano hivi hadi kwenye kiduka chenye meza sita. Nikala bakuli la tambi na nyama ya ng'ombe kwa yuan 15. Nilikuwa nimekipita kiduka kile kila siku, asubuhi na jioni.

Herufi mbili za kukariri

Alichokijua mzee yule nami sikukijua ni herufi mbili za Kichina: 清真. Husomwa "ching-jen", na ndilo neno ambalo Wachina hulitumia kwa chakula cha Waislamu. Zinakili kwenye simu kabla hujasafiri, na uziandike pia kwenye karatasi uitie ndani ya pasi, maana simu huzimika. Zitazame mpaka macho yazizoee. Mlangoni huandikwa juu kabisa, mara nyingi kwenye ubao wa kijani.

Wengi wetu hutafuta neno "halali" kwa Kiarabu na tukilikosa tunadhani duka si la Waislamu. Usilitegemee hilo. Mwaka 2019, kwa mfano, mikahawa mjini Beijing iliamriwa kuondoa maandishi ya Kiarabu kwenye mabango yake. Herufi za Kichina ndizo za kutazama kwanza.

Kisha tazama ndani. Wanaume wengi huvaa kofia nyeupe zinazofanana na zetu za swala, na wanawake hujifunga mtandio. Ukutani aghalabu kuna cheti au kibao chenye herufi zile zile mbili. Pombe kwa kawaida haiuzwi. Na baadhi huweka tangazo la kuwaomba wateja wasiingie na chakula cha nje. Ukiona ubao umeandikwa tambi za Lanzhou lakini herufi 清真 hazipo, au meza zimejaa chupa za bia, uliza kwanza au endelea na safari. Jina la tambi hizo limepata umaarufu, na si kila anayelitumia ni Mwislamu.

Wenye maduka haya ni nani

Ukisikia Waislamu wa China usidhani ni watu wachache waliosilimu juzi. Serikali ya China inatambua makabila 10 ambayo kwa jadi ni ya Kiislamu, na miongoni mwa makubwa zaidi ni Wahui, ambao ni zaidi ya milioni 10. Hawa huzungumza Kichina na sura zao hazitofautiani na za majirani zao. Zheng He, yule amirijeshi wa majini ambaye merikebu zake zilifika hadi pwani yetu ya Malindi katika karne ya 15, alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya mkoa wa Yunnan.

Tambi za kuvutwa kwa mkono, ziitwazo "lamian", asili yake ni mji wa Lanzhou, mkoa wa Gansu, kaskazini magharibi. Lakini vingi ya viduka unavyoviona katika miji ya kusini kama Guangzhou huendeshwa na Wahui na Wasala kutoka mkoa jirani wa Qinghai, hasa wilaya ya Hualong. Ni watu wa milimani waliotoka kwao kutafuta riziki. Mume huvuta tambi, mke hupokea pesa, shangazi huosha vyombo, na mtoto hufanya kazi ya shule kwenye meza ya pembeni. Nao ni wageni Guangzhou kama sisi, mji wenye watu zaidi ya milioni 18, ambako lugha ya mtaani ni Kikantoni na chakula cha wenyeji hakifanani na chao.

Ndiyo maana salamu yetu huwa na uzito pale. Nilipoingia siku ile na kusema "Assalamu alaykum", mwenye duka aliacha unga mezani akanijibu "Wa alaykum salaam". Hatukuwa na neno jingine la pamoja, lakini bakuli langu lilipoisha supu aliniongeza bila kuulizwa wala kunitoza.

Uagize nini, kwa bei gani

Bei nitakazotaja ni nilizolipa mwenyewe. Zitapanda na kushuka, lakini zitakupa picha.

Tambi za supu na nyama ya ng'ombe (牛肉拉面, "nyu-rou la-myen") ndizo msingi. Nililipa kati ya yuan 13 na 18 kwa bakuli. Kwa desturi ya Lanzhou bakuli kamili lina mambo matano: supu safi isiyo na utando, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, kotmiri au majani ya vitunguu saumu, na tambi zenye rangi ya manjano. Nyama ni vipande vyembamba, si vingi. Ukitaka kushiba nyama, omba uongezewe na utalipia.

Unaweza kuchagua unene wa tambi, kuanzia nyembamba kama uzi hadi pana kama ukanda. Sisi tuliozoea tambi za nyumbani hupenda zile nyembamba. Mezani utakuta siki na pilipili ya mafuta, na pengine saumu mbichi. Tia siki kidogo kwanza, uonje. Na ukiwa huwezi pilipili sema "bu yao la".

Ukichoka na supu, kuna tambi za kukaanga na mboga na nyama, nilizolipia yuan 18 hadi 22. Wali upo pia: sahani ya wali uliomwagiwa mchuzi wa nyama ya ng'ombe na viazi, au mayai na nyanya. Wali wa mayai na nyanya ndio ulioniokoa siku ambazo posho ilikuwa imekonda, kwa yuan 14.

Mkiwa wanne, ulizeni "dapanji", maana yake kuku wa sahani kubwa. Ni kuku aliyekatwakatwa na kupikwa na viazi, pilipili hoho na viungo, kisha tambi pana hutiwa katika mchuzi uliobaki. Asili yake ni Xinjiang. Tulichanga yuan 25 kila mmoja na tukasaza. Katika maduka ya watu wa Xinjiang utapata pia mishkaki ya kondoo yenye bizari nyembamba, na mkate wa duara uitwao "nang" unaookwa ukutani mwa tanuri. Aliyekula mkate wa mofa hatahitaji maelezo zaidi.

Mkate huo ununue jioni. Ukumbi wa maonyesho uko Pazhou, mbali na Xiaobei, na ni mkubwa kiasi cha kumaliza soli ya kiatu. Kutoka katikati ya shughuli kwenda kutafuta chakula ni kupoteza nusu siku. Mkate mmoja, mayai mawili ya kuchemsha na ndizi vilinitosha hadi alasiri.

Kwa hesabu hiyo, chai ya asubuhi na mayai kwa yuan 8, mchana tambi kwa 15, usiku wali au dapanji kwa 25, jumla ni yuan 48. Katika posho ya 100 unabaki na ya treni na akiba ya zawadi za watoto. Bahashishi haihitajiki, si desturi yao.

Mahali pa kuanzia

Xiaobei ndiyo maskani ya wafanyabiashara wengi kutoka Afrika na nchi za Kiarabu, katika wilaya ya Yuexiu. Kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina hilo hilo kwenye laini ya 5, na nauli ya treni huanzia yuan 2. Usitosheke na barabara kuu yenye mabango ya Kiingereza na Kiarabu. Ingia vichochoro vya nyuma, ndiko viduka vya tambi viliko. Wenye kununua vipuri Yongfu Lu hawako mbali, kwani kituo cha Ouzhuang ni cha pili kutoka Xiaobei kwenye laini hiyo hiyo. Wenye ngozi na mabegi huko Sanyuanli watatumia laini ya 2.

Siku ya Ijumaa, mtaa wa kujua ni ule wa Msikiti wa Xianxian, barabara ya Jiefang Bei, karibu na kituo cha Yuexiu Park cha laini ya 2. Hapo ndipo lilipo kaburi ambalo Waislamu wa China hulihusisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas, ingawa wanahistoria wengi hawakubaliani na masimulizi hayo. Swala ikiisha, wauzaji wa vyakula hujipanga nje, na mishkaki na mikate hupatikana hapo hapo.

Msikiti wa pili ni Huaisheng, barabara ya Guangta, karibu na kituo cha Ximenkou cha laini ya 1. Mnara wake wa kale, wenye urefu wa kama mita 36, unasimuliwa kuwa uliwahi kuwaongoza mabaharia usiku. Ukipotea na ukakosa pa kula, enda palipo na msikiti. Kwa kawaida hutakosa mkahawa wa Waislamu mitaa ya karibu.

Mitego

Wa kwanza ni neno "rou". Maana yake ni nyama, lakini katika chakula cha Kichina likisimama peke yake huwa ni nyama ya nguruwe. Ng'ombe ni "nyu-rou", kondoo ni "yang-rou", na nguruwe kamili ni "ju-rou" (猪肉). Usikubali jibu la "rou" tu.

Wa pili ni mboga, kama yalivyonifika. Katika mkahawa wa kawaida mboga inaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, ikatiwa mvinyo wa kupikia au nyama ya kusaga. Mkahawa wa Wabudha wasiokula nyama (素食) unaondoa tatizo la nyama na mafuta yake, lakini kuhusu mvinyo bado uliza.

Wa tatu ni ng'ombe na kuku wa mkahawa usio wa Waislamu. Kutokuwa nguruwe hakutoshi, nani amechinja? Samaki nalo ni suala la karai na mafuta yaliyotumika. Mimi si mufti. Hayo muulize shekhe wako kabla hujapanda ndege, si baada ya kula.

Wa nne ni simu. WhatsApp na Google hazifunguki kwenye intaneti ya kule. Pakua mapema programu ya ramani ya Kichina, Amap, na ya kutafsiri inayofanya kazi bila intaneti. Kwenye ramani bandika 清真 au 兰州拉面, na viduka vilivyo karibu vitatokea.

Wa tano ni malipo. Kule hata muuza machungwa hulipwa kwa simu, kama sisi na M-Pesa. Sajili Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani, kwa pasi na kadi yako ya Visa au Mastercard. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayatozwi ada ya kadi ya kigeni, na bakuli la tambi haliwezi kufika huko. Beba pia noti ndogo ndogo, kwani mwenye kiduka hatakuwa na chenji ya noti ya 100 asubuhi.

Habari ya "dharura"

Nimalizie na jambo ambalo limenifanya niandike haya. Wapo ndugu zetu wanaofika kule wakala chochote, kisha wakirudi husema ilikuwa dharura. Sisemi hivi kumhukumu mtu, kwani mimi mwenyewe nimekula nusu sahani. Lakini dharura gani hii, na bakuli la halali liko uchochoro wa nyuma kwa yuan 15? Tunajifunza kwa bidii namba za kontena, majina ya viwanda na hata kupunguziwa bei kwa Kichina. Herufi mbili zitatushinda?

Wapo pia waliopinda upande wa pili, wanaojinyima wiki nzima kwa tende na maji wakidhani huko ndiko kushika dini. Mwenye njaa hutia saini karatasi asiyoisoma. Nimeliona hilo, na mzigo uliofika Bandari ya Mombasa haukuwa ule ulioagizwa.

Basi, kabla ya safari: nakili herufi zile, sajili malipo, pakua ramani, na weka kwenye begi tende za siku moja, si za wiki. Ukifika, tafuta kiduka cha karibu na unapolala siku ile ile, kabla njaa haijakuuma. Ingia, toa salamu, agiza bakuli. Na ukimkuta mgeni mwingine kutoka kwetu anazungukazunguka na pakiti ya biskuti mkononi, mshike mkono umpeleke, kama nilivyopelekwa mimi.

Safari njema, na Mwenyezi Mungu awarudishe salama na mizigo yenu, inshallah.